Baba kanifunza nisijisifu, usaili unataka nijieleze. Nifanyeje?

Kijana wa Wete:
Asalaam alaykum. Nimeitwa usaili wa kazi ya mapokezi, hoteli moja ya Paje. Wiki ijayo navuka kuja Unguja. Kiingereza ninacho. Ninachokwama ni nikiambiwa "jieleze".

Babangu ni mtu wa kanzu ya pasi hata akienda kununua sukari. Tangu niko mdogo, chuo cha Kurani, ananambia: mkubwa akisema nawe teremsha macho, na sifa zako waachie wengine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikianza kuhadithia matokeo yangu ya skuli mbele ya wageni hunitazama tu, nami hunyamaza mwenyewe. Sasa rafiki yangu ananifanyisha mazoezi, akiniuliza "kwa nini tukuchukue wewe?" ulimi unaganda. Sitaki nionekane kama papasi wa Forodhani, wale wanaowaganda watalii mjini, na baba sitaki kumvunjia heshima.

Nahodha Mstaafu:
Yakhe, hayo ya wazee yaache Pemba. Mkazie macho, mwambie mtu wa kazi hii ni mimi.

Mamake Fatu:
Huyo usimsikilize. Mwanangu, mie nimesaili watu hotelini miaka mingi. "Mimi mchapakazi, najituma" wanasema wote, hata ambao kesho hawaonekani. Nipe ulichokifanya. Hakuna kazi yoyote ulowahi kushika?

Na hayo macho, babako alikufunza adabu ya mtoto kwa mkubwa. Mgeni akipiga hodi kwenu, mzee huinamia sakafu? Si humkaribisha, akamuuliza habari za safari, akamtafutia pa kukaa? Basi mapokezi ndiyo hayo.

Wa Mchangani:
Umemuuliza mzee mwenyewe? Babangu alikuwa hivyo hivyo. Siku nilipomuuliza akanijibu, tena kwa ukali: "Nilikukataza kujisifu, sikukukataza kujibu unapoulizwa."

Kijana wa Wete:
Ahsanteni. Nimempigia baba, kacheka kwanza (si kawaida yake), kisha kasema nisiongeze chumvi tu. Mama, kazi ipo: msimu wa karafuu mimi ndiye ninayeandika pishi, yaani vipimo vya karafuu, za wachumaji wa mjomba, na jioni kila mtu hulipwa chake bila ugomvi. Nikisema hivyo inatosha?

Mamake Fatu:
Inatosha na kubaki. Useme hivyo hivyo. Wakitaka zaidi watauliza, nawe utajibu.

Kijana wa Wete:
Na kofia nivae? Baba kanipa yake ya kiua.

Mamake Fatu:
Hiyo weka ya Ijumaa. Shati jeupe la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, viatu vya kufunika. Pasi ya babako ndiyo usiiache.

Nahodha Mstaafu:
Haya, mmenishinda. Lakini shati asisafiri nalo mwilini, alikunje begini avae akishashuka bandarini. Mawimbi ya mkondo wa Nungwi hayajali usaili wa mtu.