Tupeane uzoefu: usiku mbili mjini, ukarudi umepumzika kweli

Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita mimi na mama watoto tulivuka kwenda Unguja, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Kwenye simu nilikuwa na orodha ya sehemu kumi na moja. Jumamosi peke yake tuliingia Ngome Kongwe, tukaenda kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, tukapanda mashua kwenda Changuu kuwaona kobe, tukala wima, na saa tisa tukawa ndani ya gari kuelekea Nungwi eti tukaone jua likizama. Nungwi, karibu kilomita 60 kutoka mjini! Kurudi tulifika saa tatu usiku, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Jumapili mama watoto alilala tangu boti inatoka Malindi mpaka tunaingia Dar. Alipoamka akaniuliza, "Hivi tumetoka kupumzika au tulikuwa kwenye ziara ya mkuu wa mkoa?"

Nataka kurudia, safari hii kwa akili. Semeni mlienda mji gani, mlilala mtaa gani, na kubwa zaidi, mliamua kuacha nini. Bei wekeni kando, zinabadilika kila siku. Nawasilisha.

Mkaazi wa Mjini

Mie nipo hapa hapa Mji Mkongwe, na watu kama wewe nawaona kila wiki, jasho linawatoka, simu mkononi. Changuu na Nungwi siku moja! Hata sie wenyewe hatufanyi hivyo.

Kwanza, lala ndani ya mji: Kiponda, Mkunazini, Shangani, popote unapoweza kutoka mlangoni ukatembea. Chukua mkoba mwepesi, maana taksi itakushusha barabarani na vichochoroni utajibebea mwenyewe. Asubuhi nenda soko la Darajani mapema, samaki ndio wanaingia na mnada unapigwa. Hata kama hununui, simama usikilize. Jua likipanda rudi ndani ulale. Ndiyo, lala. Mchana mji nao unapumzika, wewe unamkimbilia nani?

Ukishapita alasiri, nenda Jaws Corner ukae barazani. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono anavisuuza ndani ya ndoo pembeni, na kipande cha kashata kipo ukitaka. Kahawa ni chungu, usiombe sukari. Wazee wanacheza dhumna, wanabishana mpira na siasa, na hakuna atakayekuuliza unangoja nini. Mgeni mmoja wa bara alikaa pale tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, akaniambia hajawahi kukaa muda wote huo bila kushika simu.

Usiku Forodhani, ile bustani ya ufukweni, sawa, ukawaone vijana wanavyojirusha baharini na unywe juisi ya miwa. Lakini urojo kula mitaani, pale unapowaona watu wa mtaa wamejaa. Hilo sibishani na mtu.

Mukija Ramadhani, mikahawa mingi mchana imefungwa na kula hadharani si adabu. Usiku ndio mji unaamka. Na siku zote, ukipita mitaani funika mabega na magoti, tafadhali.

Wa Syokimau

Mimi ni wa Nairobi. Mwaka jana tulishuka Mombasa na dadangu kwa Madaraka, ile treni ya saa tisa mchana. Tukafika Miritini giza limeingia, na kutoka hapo hadi mjini bado ni safari nyingine. Wengi husahau kuihesabu.

Nilitaka Diani, ufuo ulio ng'ambo ya kusini. Dada akakataa kabisa: "Jumamosi nikapange foleni ya feri Likoni? Nenda peke yako." Tukabaki kisiwani na sijuti. Asubuhi mahamri na mbaazi Old Town, halafu Fort Jesus kabla jua halijakuwa kali. Mreno alianza kuijenga 1593 na kuta bado zimesimama, wakati nyumba tuliyokodi ilikuwa inabambuka rangi. Jioni tulienda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, tukiangalia meli zinavyoingia bandarini. Jioni zote mbili, mahali pamoja.

Kitu kimoja tu kilituuma. Mwenye nyumba hakutuambia kwamba ukuta wa pili ni ukumbi wa harusi. Taarabu mpaka saa nane usiku. Siku hizi kabla sijalipa nauliza, "Jirani zenu ni kina nani?"

Mluguru Mtoro

Nyie vukeni bahari, mimi naenda Moro, mji kasoro bahari. Tangu treni ya umeme ianze Juni 2024, kutoka Dar ni chini ya saa mbili. Kitambulisho usisahau. Nilichoacha ni mbuga ya Mikumi. Kila mtu akisikia naenda Morogoro anasema pitia Mikumi. Sipitii. Natembea soko la Chifu Kingalu, nanunua ndizi, nakaa kwenye kibaraza naangalia wingu linavyoshuka milima ya Uluguru. Basi.

Mama Pacha

Mnaongea kama hakuna watoto duniani. Mimi nina pacha wa miaka mitano na sina bibi wa kumwachia.

Tulienda Unguja Julai, msimu wa kusi. Sijawahi kuona. Boti inapanda inashuka, mifuko ya plastiki inagawiwa, mmoja wa pacha akanitapikia mapajani kabla hata Dar haijapotea machoni. Bahari ikiwa hivyo kaeni chini, upande wa nyuma, msikimbilie juu mbele kwa ajili ya picha kama nilivyofanya mimi.

Ila baada ya hapo tulipumzika, kwa sababu niliwapa kitu kimoja tu kwa siku. Jumamosi kobe, Jumapili hakuna kitu. Kila usiku Forodhani, kwa muuza miwa yule yule. Usiku wa pili akawa anawaita kwa majina, wakamsaidia kusukuma miwa kwenye mashine huku moyo wangu uko mkononi kwa ajili ya vidole vyao.

Wa Syokimau

@Mama Pacha, hapo kwa mashine nimefunga macho.

Baba Wawili (mleta mada)

Nimempa mama watoto simu asome yote. Amefuta orodha, kabakiza Darajani na kahawa. Nikamuuliza, na Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu? Akasema tuliiona kwa nje, na tangu sehemu yake ilipoporomoka 2020 kwa nje panamtosha.

Mkaazi wa Mjini, huyo mwenye kahawa nimkute saa ngapi hasa?

Mkaazi wa Mjini

Watu wakitoka msikitini alasiri. Njoo na pesa ndogo ndogo, hana chenji ya elfu kumi.