Niko fildi benki wiki ya tatu, kazi yangu kuskani mafaili tu. Nihame?

Mtoto wa Mbagala

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma mambo ya benki na fedha chuo kimoja hapa mjini, sitakitaja. Nipo fildi (mafunzo ya vitendo) tangu mwezi wa saba ulivyoanza, benki moja kubwa, tawi la huku Posta. Kuipata yenyewe nilisota, barua nimepeleka sehemu kama 9 hivi, kwingine unaishia kwa mlinzi anakwambia weka hapo utapigiwa, hapa nimepata kwa sababu shemeji anamjua mtu. Nyumbani walifurahi balaa, bi mkubwa akaenda mpaka Karume kunichagulia mashati mawili ya mtumba makali kweli, nikajiona nami benka tayari.

Sasa wakuu, siku ya kwanza nikapelekwa chumba cha nyuma, hakina dirisha, mafaili yamepangwa mpaka yanagusa dari. Kazi: toa pini, skani, rudisha pini, funga faili, chukua lingine. Leo wiki ya tatu. Kaunta naiona nikipita kwenda chooni. Saa nne natumwa chai na maandazi, hilo silalamiki maana na mimi nakula humo humo. Logbuku yangu, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, jumatatu mpaka ijumaa imeandikwa "kuskani mafaili ya wateja", neno kwa neno, na supavaiza wa chuo anakuja wiki ya tano. Nauli natoa mfukoni kutoka Mbagala kuja na kurudi, hela ya bodi ya mikopo bado haijaingia, na daladala za asubuhi mnazijua, shati la Karume linafika Posta limekuwa kama limetafunwa na ng'ombe.

Kinachoniuma zaidi, mshikaji wangu yupo SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ndogo tu huko Temeke, anakaa na afisa mikopo meza moja, anaandika vocha, anaenda mpaka kwa wakopaji. Ananicheka. Swali langu ni moja, nihame niende hata SACCOS au nivumilie kwa ajili ya jina la benki kwenye CV?

Chuma cha Reli

Dogo hapo ushakuwa kibarua wa bure, hakuna fildi hapo. Hayo mafaili wangelipa kampuni kuyaskani, wamepata nyie mnakuja na nauli zenu na mashati yenu. Na usidanganyike kwamba ukifanya vizuri watakuajiri, mimi nilifanya vizuri mpaka nikapewa barua ya pongezi, nimeibandika ukutani hapa geto mwaka wa nne huu naiangalia. Nenda SACCOS.

Shoti Tupu

Chuma cha Reli punguza hasira mkuu, dogo amekuja kuuliza.

Mimi nimekaa kaunta miaka 11 kabla sijaenda kufuga kuku, acha nikwambie kwa nini hawakusogezi kule mbele. Tela, yule anayekaa kaunta kupokea na kutoa pesa, akifunga siku anahesabu kilichopo kwenye droo, kilinganishwe na sistimu inachosema. Ikipungua hata elfu kumi hiyo ni shoti na shoti ni yako, hakuna cha samahani, unaitoa mfukoni. Na kila muamala kwenye sistimu una jina la aliyeingiza, ukizidi kiwango fulani lazima awepo na wa kuidhinisha, hata chumba cha fedha funguo wanashika watu wawili tofauti, mmoja akichelewa foleni ya Kimara mnasubiriana wote. Sasa mwanafunzi wa wiki nane unamweka wapi kwenye mnyororo huo? Pesa ikipotea atakayebanwa nani?

Nilishaona kwenye tawi moja, silitaji. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka, foleni imefika mlangoni, tela kazidiwa akamwachia binti wa fildi paswedi yake "nisaidie hapa nakunywa maji". Jioni shoti laki nne. Binti analia, tela analia, kamera zinaangaliwa mpaka saa tatu usiku. Pesa haikuonekana. Tela alikatwa mshahara miezi kadhaa, binti fildi ikaishia palepale na barua ikaenda chuoni. Kwa hiyo dogo siku mtu akikwambia "ingia hapa kwa jina langu" hata kama ni bosi, mwambie naomba nitazame tu nimesimama nyuma yako. Hata kama atanuna.

Mama Wawili

Mdogo wangu usihame kwanza. Mimi ni afisa mikopo sasa hivi na nilianzia hukohuko kwenye chumba kisicho na dirisha, sema cha kwetu kilikuwa na panya pia.

Nikuulize, hayo mafaili unayoyaskani unayasoma? Maana kuna kuskani na kuna kuskani. Faili la mkopo ndio shule yenyewe, darasani wanakuchorea ubaoni ila pale lipo tendo zima. Anza na la kampuni. Utakuta cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni, nakala za NIDA za wakurugenzi, taarifa ya akaunti, ripoti ya mthamini wa nyumba, hati yenyewe. Jiulize hii karatasi imewekwa ya nini, ingekosekana ingekuwaje. Jibu likikushinda mfuate afisa wakati wa chai (si anakutuma maandazi? huo ndio mlango wako) umuulize moja tu kwa siku. Mimi nilikuwa na daftari dogo la maswali. Majina ya wateja nilikuwa siandiki humo na picha sipigi, hilo shika sana, siri ya mteja ukiitoa hata kwa utani WhatsApp umejimaliza.

Kilichonibadilishia maisha ni faili moja la mzee kaweka nyumba dhamana. Naskani nikaona cheti cha ndoa kina jina la mke fulani, fomu ya ridhaa ya mwenza kasaini mwanamke mwingine kabisa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya ndoa huiweki rehani bila ridhaa ya mwenzako, hilo tulifundishwa likapita kama upepo. Nikaogopa, nikakaa nalo siku nzima, nikasema hawa wakubwa hawawezi kuwa hawajaona. Kesho yake nikampelekea kaka mmoja wa mikopo kwa sauti ya chini, shikamoo kaka, hivi hapa mimi ndio sielewi au. Akaangalia akakaa kimya muda mrefu. Kumbe mzee ana wake wawili na nyumba ni anayokaa mke mkubwa, aliyesaini mdogo. Unajua ingekuwaje mzee akishindwa kulipa? Dalali anafika na spika yake mtaani anakuta mke mkubwa ana zuio la mahakama, benki inabaki na karatasi. Toka siku hiyo nikawa naitwa "yule binti wa mafaili mwiteni aangalie". Wiki mbili za mwisho nilikaa meza ya mikopo, hakuna aliyenipangia.

Halafu mfuate meneja au mtu wa rasilimali watu ukiwa na ile fomu ya chuo inayoonyesha unatakiwa ujifunze nini, omba wiki moja moja kila kitengo. Usiseme umechoka kuskani. Sema chuo kinataka. Benki wanaelewa lugha ya fomu.

Kitumbua Baridi

Mshukuru Mungu upo kwenye kivuli. Sisi tulipewa tableti na tisheti tukamwagwa Kariakoo kufungua akaunti, malengo 10 kwa siku. Unamfuata mmachinga Mtaa wa Kongo anauza soksi, anakusikiliza mpaka mwisho vizuri kabisa halafu anakuuliza makato shilingi ngapi. Hapo ndipo nilijua sijui chochote, nikarudi ofisini kuomba karatasi ya makato nikaikariri kama Baba Yetu. Nilimaliza na miguu ya mpira ila kuongea na mteja nimejulia pale.

Chuma cha Reli

Mama Wawili hiyo ya wake wawili nimeipenda, nimelainika kidogo. Ila dogo ripoti yako usiandike mikopo chechefu (ile wateja wameshindwa kuilipa), kila anayetoka fildi benki anaandika hiyo, aya ya kwanza Benki Kuu (BOT) wanataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, aya ya pili wamekopi kwa wenzao. Walimu wamechoka.

Mtoto wa Mbagala

Asanteni sana wakuu, dada Mama Wawili shikamoo. Leo nimejaribu. Nimesoma mafaili manne tu badala ya kuskani thelathini, yule dada wa kitengo kaniuliza mbona leo mzigo mdogo, nikamwambia ukweli nilikuwa nasoma kwa nini dhamana lazima ikatiwe bima ya moto na benki iandikwe humo. Nilidhani atanifokea. Kavuta kiti kanielekeza kama dakika ishirini, maandazi yamepoa. Fomu ya chuo nampelekea meneja jumatatu.

SACCOS nitaenda siku moja kumtembelea mshikaji nione, sihami.

Ila nina swali la kijinga, zile wiki tatu kwenye logbuku zilizoandikwa kuskani kuskani, naweza kupaka tipeksi niandike upya kabla supavaiza hajaja?

Shoti Tupu

Tipeksi! Kwenye benki! Dogo ukikosea unapiga mstari mmoja usomeke, unaandika pembeni, unasaini. Kwenye hundi hata mstari huo wanaukataa, unaambiwa ukaandike nyingine. Acha kama ilivyo, uliskani kweli. Anza kuandika vizuri kuanzia leo.