Mrejesho: ile bangili ya kupima oksijeni ya mgonjwa akiwa nyumbani

Wakuu, salaam. Niliuliza kwa nini kifaa changu cha mkononi (sensa ya mwanga ya MAX30102 na kompyuta ndogo ya ESP32) kinasoma oksijeni ya damu asilimia 97, mara 84, wakati aliyekivaa katulia zake kwenye kiti. Aliyesema "toa sensa kwenye kifundo cha mkono", mkuu, tano zako.

Kifundoni mwanga mwekundu na wa infraredi unarudi dhaifu, na mkono ukitikisika kidogo tu mawimbi ya mapigo yanavurugika. Sensa sasa iko ncha ya kidole, waya mfupi unarudi kwenye bangili yenye betri, na juu nimefunga kitambaa cheusi kuzuia jua. Mchoro wa mapigo sasa ni safi, vilima vinahesabika kwa macho. Akselerometa (kihisi mwendo) ikihisi mkono unacheza, programu inatupa kipimo hicho.

Na mliosema rangi ya ngozi inaweza kupotosha kipimo, nalo ni kweli. Utafiti wa Michigan wa 2020 ulionyesha vipimo vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Na hivyo ni vya hospitali, sembuse changu cha kuunga mwenyewe nyaya kwa risasi ya kulehemu! Kwa hiyo ile fomula ya kugeuza mwanga kuwa asilimia ya oksijeni, niliyoinakili mtandaoni, nimeiweka kando.

Wagonjwa bado sijawavalisha, mpaka kibali cha maadili kitoke. Kwa sasa wanaovaa ni mimi na mdogo wangu. Mwenye uzoefu wa kusajili vifaa tiba TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania), naomba aje inbox.