Kula makaburini Obinitsa tarehe 19 Agosti, nisije nikawakosea wenyeji

Wakuu habarini, niko Tartu nasoma, kuna mwenzangu wa darasani bibi yake ni wa kabila la Seto, anaishi Obinitsa, kijiji kidogo kusini mashariki mwa Estonia karibu kabisa na mpaka wa Urusi. Wamenialika sikukuu ya Bwana Kugeuka Sura, nikaambiwa baada ya ibada tunaenda makaburini KULA, yaani kitambaa kinatandikwa juu ya kaburi na chakula hapo hapo. Mimi nimelelewa kwamba makaburini hata sauti hupandishi. Aliyewahi kwenda anisaidie.

Jibu 1
Nenda ndugu yangu usiogope. Wale ni Waorthodoksi, sikukuu wanaishika kwa kalenda ya zamani ndo maana inaangukia 19. Pale kaburini unakaribishwa kama umefika kwa marehemu mwenyewe, mimi nilipewa yai la kuchemsha na kipande cha sõir, jibini lao la nyumbani lenye kisibiti, familia ya kaburi la jirani nao wakaniita. Onja hata kidogo, wanafurahi sana.

Jibu 2
Ukibahatika kusikia leelo, uimbaji wao wa jadi wa pamoja, nyamaza usikilize vizuri. Kiongozi anatoa mstari, wenzake wanaudaka silabi za mwisho kisha wanaurudia wote, na juu yao kuna sauti moja nyembamba kali inaitwa killõ, mimi ilinisimamisha nywele. UNESCO waliiingiza leelo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2009. Kiongozi mzuri anatunga papo hapo, na pale Obinitsa kuna sanamu ya Mama wa Nyimbo tangu 1986, kwa hiyo jua unaenda kijiji kinachomheshimu mwanamke anayeimba. Angalia na ile bruchi ya fedha, yaani pambo la kubania nguo, kifuani mwa mwanamke, kubwa kama bakuli lililopinduliwa, akitembea minyororo na sarafu zinalia.

Jibu 3
Naongeza moja tu, mambo ya mpaka yaulize kwa upole. Nchi ya Waseto imekatwa katikati, mji wao mkubwa Petseri uko upande wa Urusi, kuna wazee ambao makaburi ya wazazi wao yako ng'ambo na kufika siyo rahisi. Mimi niliuliza kwa pupa, mama wa watu akaacha kula.

Muulizaji
Asanteni sana jamani, hilo la mwisho nimelishika. Nimempigia mwenzangu, bibi kasema nisibebe kitu, ila anauliza kwetu marehemu tunawaimbia nini.