Kamera ndogo ya kubadilisha lenzi kwa shilingi 1,300,000: nichukue ipi?

Mwana wa Tanga (muulizaji)

Wakubwa zangu, shikamooni, na wenzangu salamu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu katika shughuli za mtaani kwetu Tanga: harusi, maulidi, na wazee wanaosuka ukili barazani jioni. Mchana simu inanitosha, lakini jua likishazama nyuso hujaa chengachenga. Nimeweka akiba ya shilingi 1,300,000, nami nataka kamera ndogo, kwa sababu nimeona kamera kubwa ikielekezwa kwa mzee humfanya akae kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nimeonyeshwa tatu zilizotumika: Sony a6000, Canon EOS M50 na Olympus OM-D E-M10 Mark II. Naomba ushauri wenu, maana nikikosea sitakuwa na fedha za kurekebisha mwaka huu.

Shata Taratibu

Ndugu yangu, umetaja bodi tatu, yaani kamera bila lenzi, na hukutaja hata lenzi moja, ilhali tatizo ulilolieleza ni la mwanga, na mwanga hupita kwenye lenzi kwanza. Lenzi ya milimita 16-50 inayouzwa pamoja na a6000, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ilhali lenzi isiyovutika ya f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Maana yake ni kwamba pale ambapo ungelazimika kutumia shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/15 ya sekunde, na mcheza ngoma akatoka kama moshi, utaweza kutumia 1/125 naye akaonekana wazi. Kwa hiyo ningetenga laki nne za lenzi hiyo kabla ya kufikiria bodi, kisha laki moja ya betri ya akiba na memori kadi, na kinachobaki ndicho kinunue bodi.

Kati ya hizo tatu ningechukua a6000. Ni ya mwaka 2014, lakini kihisi chake (sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha) cha megapikseli 24 bado ni kizuri, na lenzi zake ni zilezile zinazoingia katika kamera ndogo za Sony zinazotoka leo. Olympus ina kitu kizuri ambacho a6000 haina: kihisi chake hujituliza mkono unapotikisika, jambo linalosaidia sana kwa mzee aliyeketi. Hata hivyo, utulivu huo haumzuii anayecheza kutikisika, na eneo la kihisi chake ni takriban asilimia 60 tu ya kile cha Sony, kwa hiyo chengachenga za usiku hujitokeza mapema.

Bibi wa Picha

Kaka, mimi nimetumia M50 kwa miaka minne na ninaipenda, hasa kwa video, kwani katika hizo tatu ndiyo pekee yenye tundu la maikrofoni. Lakini sitakuficha kwamba Canon imeuacha mfumo wa lenzi wa EF-M, ambao M50 inautumia, iliouanzisha mwaka 2012 na kuhamia mfumo wa RF, na lenzi za EF-M haziingii katika kamera hizo mpya. Ukiona hutahama kwa muda mrefu, lenzi yake ya 22 yenye f/2 ni nyembamba na nzuri mno.

Fundi wa Pwani

Niongeze la ukaguzi, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza fedha zangu. Nilinunua Sony iliyotoka Japani, nikafika nyumbani na kukuta menyu ina Kijapani peke yake. Sony zilizotengenezwa kwa soko la huko ndivyo zilivyo, basi iwashe dukani na uitafute lugha kabla ya kulipa. Kisha fungua tundu la lenzi lote, imulike kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, na utazame kama kuna nyuzinyuzi mithili ya utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu haitakaa kimya. Lenzi yako nayo usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi. Iweke katika kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Mwana wa Tanga

Nashukuruni sana. Nimeelewa kuhusu lenzi, nami naelekea kwenye a6000. Nimepata lenzi ya Sony ya milimita 50 yenye f/1.8 inayoingia ndani ya laki nne. Je, itafaa ndani ya vyumba vyetu?

Shata Taratibu

Chumbani itakubana, kwa sababu katika kihisi hicho 50 huona kama 75 ya kamera za filamu, na ukutani utafika kabla familia haijaenea kwenye picha. Kwa nyuso za wazee kutoka upande wa pili wa baraza, hiyo ndiyo hasa inayofaa. Kama bodi inauzwa pamoja na 16-50, usikubali kuiacha, kwa kuwa picha za kundi chumbani utazipiga kwa upande wake wa 16, unaoona eneo pana.

Mwana wa Tanga

Inauzwa nayo. Jumamosi ninakwenda kuikagua, na tochi ninaichukua.