Nimesoma vitabu 46 mwaka jana, karibu vyote vimenitoka kichwani. Naombeni ushauri

BintiPangani

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri, hasa kwenu mnaosoma riwaya za Kiswahili kwa mapenzi yenu na si kwa ajili ya mtihani. Nina miaka 31, nipo Tanga, kazi yangu ni uhasibu. Marehemu baba alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa vitabu: Shaaban Robert, Adam Shafi, na hadithi za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, karibu zote. Nikiwa darasa la sita nilichomoa Kisima cha Giningi bila ruhusa, nikakimaliza usiku mmoja kwa taa ya chemli, na asubuhi macho mekundu nikaenda nacho shule nikisome tena. Hadi leo naweza kukaa nikamsimulia mtu kile kiko cha Bwana Msa na Najum anavyomfuata nyuma.

Mwaka juzi nikaanza kuwaonyesha marafiki kwenye kundi letu la WhatsApp kila kitabu ninachomaliza. Napiga picha jalada, naandika maneno mawili matatu. Watu wakapenda, wengine wakaanza kununua. Nikajiwekea lengo la kitabu kimoja kila wiki, na mwaka jana nilifika 46. Nilifurahi sana.

Sasa mwezi uliopita binti wa dada yangu, yuko kidato cha tano, alikuja na Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi. Akaniuliza: "Mama mdogo, wewe umekisoma. Yasmin alikosea kumkimbia Bwana Raza?" Nilikisoma Agosti. Kwenye kundi niliandika "kitabu kizuri mno, kisomeni". Na pale mbele ya mtoto sikuwa na jibu. Nilikumbuka ni Unguja, nikakumbuka jina la Denge, basi. Usiku ule nilifungua orodha yangu ya vitabu 46, nikapita kimoja kimoja. Vitano tu ndivyo ningeweza kuvizungumzia kwa dakika kumi. Nagona ya Kezilahabi nilikuwa nimeimaliza kwa usiku mmoja kwa sababu ni nyembamba na wiki ilikuwa inaisha. Sikuelewa hata ukurasa.

Nyie mnasomaje? Mnaandika mahali? Mnarudia vya zamani au mnasonga mbele? Na kitabu kikikushinda katikati, unakiacha? Nimelichukulia jambo hili kwa uzito, naomba mnijibu kwa uzito.

---

Mzee wa Posta

Binti, pole. Acha kuhesabu. Nasoma tangu nikiwa kijana, nanunua kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta, na sijawahi kujua ni vingapi. Ukiulizwa umesoma vingapi, jibu unasoma kipi.

---

Mwalimu wa Kitale

Dadangu wa Tanga, nimesisimka kuona uliko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kitale. Kama umesoma Siku Njema ya Ken Walibora utajua kwa nini: Kongowea Mswahili anatoka kwenu Tanga, anavuka mpaka, anamtafuta babake hadi huku kwetu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, na sikuwa nimewahi kuona mji wangu umeandikwa ndani ya riwaya. Nilienda kutembea barabarani jioni ile nikiitazama Kitale kana kwamba ni mgeni.

Kitabu hicho kilitoka 1996 na kikawa kitabu teule mashuleni, kwa hivyo nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kutaja. Nitakwambia ninachofanya. Mara ya kwanza nasoma mikono mitupu, bila kalamu, kama mtu anayesikiliza hadithi. Mara ya pili nakuja na penseli. Napiga mstari mahali mhusika anaamua jambo. Sipigi mistari kwenye methali wala maneno mazuri, maana hayo yananaswa yenyewe. Mahali pa uamuzi tu, na pembeni naandika neno moja: "kwa nini?"

Ukifanya hivyo na Yasmin utapata jibu la mpwa wako. Hakukimbia ghafla. Adam Shafi amempitisha hatua kwa hatua kuanzia siku ya ndoa, msichana mdogo na mzee mwenye duka, kisha safari ya Mombasa, kisha ndipo anarudi Unguja peke yake. Kila hatua ina uamuzi. Msomaji wa haraka anaona matokeo tu, na matokeo ndiyo yanayosahaulika.

Na usione haya kurudia. Walibora alipofariki Aprili 2020 niliketi nikasoma Siku Njema upya kuanzia ukurasa wa kwanza, mwalimu mzima wa kitabu hicho, na nikakuta kurasa ambazo nilikuwa nazipita miaka yote nikikimbilia maswali ya mtihani.

---

Bahati_24

Mimi natofautiana kidogo na Mzee wa Posta, kwa heshima zote. Kabla ya kuanza kuhesabu nilikuwa sisomi kabisa. Narudi kutoka kazini saa mbili usiku, nashika simu hadi usingizi unichukue. Nilipojiandikia ukutani vitabu 12 kwa mwaka ndipo nikaanza kuzima data saa tatu. Hesabu imenirudisha kwenye vitabu. Shida ya dada naona ni ile 46, kwa mtu aliyeajiriwa ni vingi.

Halafu si kila kitabu lazima ukikumbuke. Joram Kiango, yule mpelelezi wa Ben Mtobwa, namsoma nikiwa nimechoka, ananipeleka mbio usiku kucha, asubuhi nimepona. Sihitaji kueleza kitu kwa mtu.

---

Suka wa Tunduma

Habari zenu ndugu. Mimi ni dereva wa lori, napakia bandarini Dar, napeleka Zambia na wakati mwingine Kongo. Foleni ya Tunduma inaweza kukuweka siku kadhaa, kwa hiyo kitabu ni kama tairi la akiba, sitoki bila nacho. Safari moja, kitabu kimoja.

Mimi kinachonisaidia ni kusoma kwa sauti. Nina utingo kijana, aliishia darasa la saba, kusoma anajua lakini hapendi. Siku moja tumekwama nikaanza kumsomea Kuli ya Adam Shafi. Alidhani natania. Baada ya kurasa kumi akazima redio. Kila jioni sura moja, na kabla sijaanza ananiambia tuliishia wapi. Akikosea namsahihisha, nikikosea mimi ananisahihisha. Sijawahi kusahau kitabu nilichosoma hivyo.

Na kile kitabu kinatuhusu. Ni habari za makuli wa bandari Unguja, mzigo mabegani, mpaka wanagoma mwaka 1948. Sisi ndio tunaopokea mizigo hiyo hiyo leo. Utingo alikuwa anasimamisha usomaji kila dakika: "Hapa ndivyo ilivyo hata sasa." Tatizo ni moja, nakala yangu niliinunua imechakaa, kurasa za mwisho zimechanika. Tumebaki tunaning'inia tangu mwaka jana na nimezunguka sijapata nyingine. Naombeni msinisimulie mwisho.

---

Kijana wa Mbezi

Nani ana PDF ya Nagona na Kuli anitumie?

---

Mzee wa Posta

Kijana, hapana. Waandishi wa lugha hii wanapata kidogo sana, na wachapishaji wanaochapa riwaya ambayo haipo kwenye mtaala wanahesabika. Kikikosekana dukani nenda maktaba, Maktaba Kuu ya Taifa ipo Mtaa wa Bibi Titi tangu 1967. Ukiwa na elfu kumi nunua. Usiombe kilichoibwa mbele ya watu wanaopenda vitabu.

---

Kijana wa Mbezi

Nimekuelewa mzee, samahani. Nitapita maktaba Jumamosi.

---

BintiPangani

Asanteni sana, nasoma kila neno. Mwalimu wa Kitale, lile "kwa nini" la pembeni nimelichukua. Bahati, umesema kweli, mimi pia hesabu ilinitoa kwenye simu mwanzoni. Ila ilifika mahali nikawa nachagua vitabu kwa wembamba. Dunia Uwanja wa Fujo cha Kezilahabi nimekiruka mara tatu kwa sababu ya unene wake tu.

Mnisaidie na Nagona. Kuna mtu humu amekisoma akakipenda?

---

MwanaUkerewe

Mimi hapa. Kezilahabi ni wa kwetu Ukerewe, alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na nadhani uliingilia mlango wa nyuma.

Nagona si kitabu cha kuanzia. Ilitoka 1990, na kabla yake mwandishi huyu alikuwa ameshaandika riwaya nne. Rosa Mistika, 1971, ile iliyozuiwa mashuleni kwa kuwa ilisema wazi kinachowapata mabinti. Hapo anasimulia kwa njia unayoijua: kuna baba mkali, kuna nyumba, kuna shule, kuna kuanguka kwa msichana. Kichwamaji 1974, hapo unaona shaka imemwingia mwandishi, mhusika msomi ambaye maisha hayamwambii kitu. Kisha Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979, Ujamaa na vijiji na watu waliogawanyika. Halafu kimya cha zaidi ya miaka kumi kwenye riwaya, na anarudi na Nagona, na mwaka unaofuata Mzingile. Usimulizi wa zamani ameuacha. Matukio hayafuatani, watu hawana majina kama watu wa mtaani, na unajikuta unauliza mahali hapa ni wapi.

Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilihisi mtu wa nyumbani ananisemesha lugha ya wageni. Nikaikalia miaka. Kilichonifungulia ni mashairi yake, Kichomi. Unajua alivyoleta mashairi yasiyo na vina wala mizani watu walivyozozana? Nilipozoea pumzi ya yale mashairi nikarudi kwenye Nagona nikaisoma kama shairi. Sura moja usiku, kwa sauti, polepole, bila kuuliza "nini kitatokea". Sentensi zake ni fupi. Zinagonga. Ukizisoma kwa macho tu zinapita kama mabango njiani ukiwa ndani ya basi.

Kwa hiyo ushauri wangu: Nagona irudishe rafuni, na wala usijisikie vibaya kuiacha. Chukua Rosa Mistika mwezi huu. Panda naye mwandishi kwa mpangilio alioandika. Ikikuchukua mwaka mzima, ikuchukue.

---

Bi Shangani

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, mzaliwa wa Unguja. Huku vitabu vya Kiswahili havipatikani ovyo, kwa hivyo hatuna anasa ya kusoma mbiombio. Kikija kimoja kinakaa.

Mwaka uliotoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwanangu aliniletea kutoka Dar. Nikamsomea mama yangu kila baada ya alasiri. Mama macho hayaoni vyema tena. Yule mtoto Yusuf anapochukuliwa na tajiri kwa deni la babake, mama alinambia nifunge kitabu. Tukakaa. Siku ya pili akaanza kunihadithia mambo ya kwao utotoni ambayo miaka yote hakuwahi kuyatoa. Kitabu kile tulikimaliza kwa miezi minne, na nusu ya niliyoyakumbuka si ya Gurnah, ni ya mama.

Bibie, una mpwa anayesoma kitabu kilekile ulichokisahau. Unatafuta nini tena? Someni pamoja.

---

Bahati_24

Bi Shangani, nimeguswa. Mama yangu yuko Singida, naenda Desemba. Nitabeba kitu.

---

BintiPangani

MREJESHO.

Wakuu, wiki tatu zimepita. Kwanza nimewaandikia wenzangu kwenye kundi kwamba mwaka huu sitaweka idadi. Nitakuwa naandika nikiwa na la kusema. Wawili wamejitoa, mmoja kaniandikia pembeni kwamba naye hakumbuki alivyovisoma na alikuwa anaona aibu kusema.

Pili, kila Jumapili mchana binti anakuja, tunasoma Vuta N'kuvute kwa zamu, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Penseli iko katikati ya meza. Tumefika pale Yasmin amerudi Unguja, ndugu zake wanamkataa, anakwenda kuishi kwa Mwajuma. Binti anasema hakukosea hata kidogo. Mimi nasema hakukosea kuondoka, ila nilimwonea huruma yule mzee pia, jambo ambalo Agosti sikuliona kabisa. Tumebishana hadi chai ikapoa. Sijabishana na mtu kuhusu kitabu tangu baba afariki.

Tatu, ni kwa Suka wa Tunduma. Nimelivuta lile sanduku la bati. Kuli ya baba ipo. Jalada limeliwa na mende kwenye kona, lakini nimegeuza kurasa zote hadi ya mwisho, hakuna iliyopungua. Unapita huku lini?

---

Suka wa Tunduma

Dada, nimemsomea utingo ujumbe wako kwa sauti. Jumatano nina mzigo wa Arusha, nitasimama Segera kama saa nne asubuhi. Mpe kondakta wa basi yeyote unayemwamini, niandikie namba ya gari. Tukimaliza nitakirudisha kwa njia hiyo hiyo, nikiwa nimekigandisha jalada na gundi nzuri.

---

BintiPangani

Usiharakishe kukirudisha. Nimekifunga kwenye gazeti, na ndani nimeacha kikaratasi mahali baba alipopiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mkifika hapo mniambie mnadhani kwa nini.