Naomba ushauri: sw_TZ inagoma kwenye seva ya Python

Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya Python inayotoa risiti za duka la jumla. Kwenye Ubuntu yangu, locale.setlocale(locale.LC_ALL, 'sw_TZ.UTF-8'), yaani kuchagua mpangilio wa lugha na tarakimu (locale) wa Kiswahili cha Tanzania, inakubali na %A, alama ya jina la siku, inatoa Alhamisi safi kabisa. Nikiipandisha kwenye seva: locale.Error: unsupported locale setting. Nimepiga locale -a kuona locale zilizopo, zimo C, C.utf8 na POSIX tu, Kiswahili hakimo. Ruhusa ya root (msimamizi mkuu) sina, kwa hiyo kuongeza locale kwa locale-gen siwezi, na mwenye seva hujibu anapojisikia.

Hata akiniwekea hiyo locale, setlocale hubadilisha programu nzima, si thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) moja, nami nina wateja Dar na Lubumbashi kwa wakati mmoja. Kongo koma ndiyo ya desimali. 12,500 yetu ni elfu kumi na mbili na mia tano; kwao ni kumi na mbili na nusu. Kwenye risiti huo ni ugomvi!

Naegemea Babel, maktaba ya Python, maana hubeba data zake za CLDR (hazina ya kanuni za lugha na nchi) bila kutegemea mfumo: format_decimal(12500, locale='sw_CD'), yaani Kiswahili cha Kongo. Aliyeitumia kwenye kazi halisi, haielemewi na risiti nyingi? Na lugha ya mteja mnaihifadhi kwenye akaunti yake au mnasoma Accept-Language, lugha ambayo kivinjari chake huiomba? Simu nyingi za wateja wangu ziko kwa Kiingereza.